Sura ya Sita: Presha Inapopanda Baada ya Kuacha Dawa ya Sonona

Mtu hupewa dawa ya sonona kwa sababu ya huzuni isiyoisha, usingizi uliopotea na fikra zinazomrudisha palepale kila siku. Haimpitikii kwamba dawa hiyo ina uhusiano wowote na moyo unaodunda kifuani au mshipa unaopimwa mkononi. Basi akiiacha, tuseme Ijumaa, halafu Jumatatu akasikia moyo unamwenda mbio ilhali amekaa tu, haunganishi mambo hayo mawili. Usiku anaamka shuka limelowa jasho. Akisimama ghafla, chumba kinazunguka. Jumatano anakwenda zahanati, anafungwa mkanda wa mashine, anaambiwa presha imepanda. Ataulizwa juu ya chumvi, uzito, mawazo, na kama kuna mwenye presha katika ukoo wao. Vidonge vya Ijumaa havitaulizwa. Naye hatavitaja, ama kwa kutoona uhusiano, ama kwa haya ya kusema mbele ya foleni kwamba alikuwa akitumia dawa za akili.

Nimeiandika sura hii kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya mhudumu aliyeketi mbele yake. Nachelea kwamba wapo walioanzishiwa vidonge vya presha vya kudumu kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali moja: ni dawa gani umeacha hivi karibuni?

Jambo lenyewe si uvumi. Maelezo rasmi ya paroksetini yanayotumika Ulaya yanataja moyo kudunda miongoni mwa dalili zinazoweza kumpata mtu anapoiacha. Maelezo ya venlafaksini yanataja waziwazi shinikizo la juu la damu, pamoja na kizunguzungu, ganzi, kichefuchefu, kutetemeka na usingizi kuvurugika. Hayo yote yamo katika ile karatasi iliyokunjwa mara nyingi ndani ya boksi. Kwa wengi wetu, tunaohesabiwa vidonge na kutiliwa kwenye bahasha ndogo, karatasi hiyo haitufikii kabisa.

Wala si habari mpya. Dawa ya kwanza ya kundi lililokuja kuwa maarufu, imipramini, ilitambuliwa na daktari Roland Kuhn katika hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, aliyeandika juu yake mwaka 1957. Mwaka 1961, Kramer, Klein na Fink, madaktari wa Marekani, walichapisha waliyoyaona kwa wagonjwa walioondolewa dawa hiyo: kichefuchefu, maumivu ya kichwa, kizunguzungu, baridi mwilini, misuli kuuma. Ilikuwa miaka minne tu tangu Kuhn aandike. Kwa hiyo elimu kwamba mwili hulalamika dawa hizi zikiondolewa ina umri zaidi ya miaka 60, na mgonjwa anayeambiwa leo kwamba anajitungia dalili anadhulumiwa.

Kilichofanya elimu hiyo isahaulike kwa muda ni fluoksetini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Prozac. Iliidhinishwa Marekani Desemba 1987, na walioiacha mara nyingi hawakupata taabu kubwa. Sababu yake tutaiona. Zikafuata paroksetini na venlafaksini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na malalamiko yakarudi kwa nguvu. Mwaka 2000, David Michelson na wenzake walichapisha jaribio ambalo wagonjwa waliokuwa wakitumia fluoksetini, sertralini au paroksetini walikatiziwa dawa kwa siku chache bila wao wala wapimaji kujua ni lini hasa vidonge vya bandia vilikuwa vimechukua nafasi ya vya kweli. Waliokuwa kwenye paroksetini walianza kuumwa mapema sana, na walipopimwa wakiwa wamesimama, mapigo ya moyo yao yalikuwa yameongezeka. Waliokuwa kwenye fluoksetini hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Msomaji ana haki ya kujua kwamba utafiti huo uligharimiwa na Eli Lilly, kampuni inayotengeneza fluoksetini, ambayo ilikuwa na kila sababu ya kutaka tofauti hiyo ionekane. Hata hivyo, tofauti yenyewe ni ya kweli, na kemia ya dawa hizo inaieleza vizuri.

Ili kuielewa, tuanze na moyo. Moyo wa mtu mzima ukiachwa bila amri yoyote ya neva hupiga kama mara 100 kwa dakika. Wengi wetu tukiwa tumetulia tuko kwenye 60 au 70 na kitu, kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kifuani, inaupunguza mwendo saa zote kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Upande wa pili zipo neva zinazouharakisha moyo na kuibana mishipa ya damu kwa kemikali nyingine, noradrenalini. Ukiogopa, ukikimbia, ukigombana, za upande wa pili huongeza kasi. Ukilala baada ya chakula cha mchana, vagasi hutawala. Presha inayosomwa kwenye mashine wakati wowote inategemea sana pande hizo mbili zimefikia wapi kati yao.

Sasa, ndani ya shina la ubongo kuna kijikundi cha seli chenye rangi ya samawati, kidogo sana, ambacho ndicho chanzo kikuu cha noradrenalini ya ubongo mzima. Kikichangamka, mtu huwa macho, mwenye tahadhari, moyo juu. Kikichangamka kupita kiasi, mtu hutetemeka, hutokwa jasho na hapati usingizi. Serotonini ni mojawapo ya vitu vinavyokizuia kisizidi. Dawa kama paroksetini na sertralini huifanya serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli na seli, kwa kuziba mlango ambao kwa kawaida ingerudishwa ndani. Wiki na miezi ikipita, ubongo hujipanga upya kulingana na hali hiyo: vipokezi hupungua, vingine hulegea, na ule uzuiaji unaotokana na dawa huwa sehemu ya mpangilio wa kila siku.

Mchezo wa kuvuta kamba unaeleza kinachofuata kuliko maneno ya kitaalamu. Timu mbili zikivutana kwa miezi, kila moja huzoea nguvu ya mwenzake na kusimama imara kwa kuitegemea. Upande mmoja ukiiachia kamba ghafla, ule wa pili hauendi hatua moja. Huanguka wote chali. Dawa ikitoka mwilini kwa siku mbili, kilichokuwa kikiizuia noradrenalini kimepungua ghafla, ilhali ubongo bado umejipanga kana kwamba dawa ipo. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, hapo ndipo noradrenalini hupanda, na moyo na mishipa ya damu hupokea amri za hofu bila kuwapo cha kuogopwa. Mtu huhisi wasiwasi unaoanzia mwilini. Moyo humdunda kwanza, kisha akili hutafuta sababu, na akili ikitafuta sababu haikosi.

Dawa za kundi la zamani, amitriptilini na imipramini, zina njia yao. Zenyewe huzuia kazi ya asetilikolini, ndiyo maana anayezitumia hukaukiwa mdomo, hupata choo kigumu, na mapigo ya moyo wake yanaweza kuwa juu kidogo siku zote. Zikiondolewa ghafla, mwili ambao umejizoesha kusikiliza asetilikolini iliyofifishwa huisikia yote kwa mara moja: tumbo linavuruga, mate yanajaa, jasho, ndoto kali zisizo na mpango. Zaidi ya hayo, dawa hizo huidhoofisha kwa muda ile njia ambayo neva hutumia kujiambia kwamba noradrenalini iliyotolewa inatosha. Hapo mtu anaweza kupata vyote viwili, tumbo lililochafuka na moyo unaokwenda mbio.

Nimeitaja amitriptilini kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na watu wetu. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya bei nafuu, na hospitali za Tanzania na Kenya huitumia kwa mambo mengi zaidi ya sonona: maumivu ya neva kwa wenye kisukari, kipandauso, maumivu ya mgongo yasiyoisha, kukosa usingizi. Kwa hiyo yuko bibi ambaye amekuwa akimeza kidonge cha milligramu 25 kila usiku kwa ajili ya miguu inayowaka moto, na hajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni dawa ya sonona. Ukimuuliza kama anatumia dawa za akili atasema hapana, tena kwa kukasirika kidogo, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojua. Muulize hivi: bibi, unameza nini usiku? Muombe akuletee bahasha uisome mwenyewe.

Watu huacha dawa hizi kwa njia nyingi, na ni wachache wanaoziacha kwa mpango. Dawa imekwisha kituoni na ya dukani haiko mfukoni. Mtu amesafiri msibani akasahau vidonge nyumbani. Ameombewa, akaamini amepona. Amejisikia vizuri kwa miezi mitatu, akaona hana sababu ya kuendelea kumeza sumu, kama jirani anavyoziita. Mwingine amefunga Ramadhani na kuruka dozi ya mchana, ilhali daktari angeweza kumpangia dawa ya mara moja kwa siku akaimeza baada ya futari. Na wapo wanawake wanaoacha siku ileile wanapogundua wana mimba, kwa hofu ya mtoto. Wiki chache baadaye wanapimwa presha kliniki. Kwa hao sitaki kosa lifanyike upande wowote: presha ya mjamzito hushughulikiwa kwanza kama hatari kwa mama na mtoto, hasa baada ya wiki 20, na habari ya dawa iliyoachwa huongezwa kwenye maelezo. Haiwi sababu ya kumrudisha nyumbani.

Dalili zinaanza lini? Inategemea dawa inakaa mwilini muda gani. Venlafaksini hupungua hadi nusu kwa kama saa 5, na zao lake linalofanya kazi ileile kwa kama saa 11. Mtu akichelewa dozi moja tu anaweza kuhisi. Paroksetini ni kama saa 21, na ina tabia mbaya zaidi: kadiri inavyopungua ndivyo mwili unavyoiondoa kwa haraka zaidi, kwa hiyo mwisho wake huja kwa kasi. Sertralini ni kama saa 26. Fluoksetini kwa mtu aliyeizoea ni siku 4 hadi 6, na zao lake linaweza kuhitaji wiki moja hadi mbili kupungua hadi nusu. Ndiyo maana fluoksetini haina kishindo: inajiondoa yenyewe polepole, hata mtu akiikata kwa siku moja. Lakini yaweza pia kumdanganya mtu. Dalili zake, zikija, zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, wakati kila mtu amekwisha sahau kwamba kulikuwa na kidonge.

Venlafaksini inahitaji neno la ziada, maana inawachanganya hata wataalamu. Dawa hiyo yenyewe, mtu akiwa anaitumia, inaweza kupandisha presha, na hatari huongezeka dozi inapopita milligramu 300 kwa siku. Mtu angetegemea basi presha ishuke ikiachwa, na kwa baadhi ya watu, mambo yakitulia, hushuka kweli. Ila siku za kwanza zinaweza kwenda kinyume kabisa. Mhudumu anayejua nusu ya habari hii atamwambia mgonjwa kwamba haiwezekani, na mgonjwa atarudi nyumbani akidhani kichwa chake kinamchezea.

Kuna njia nyingine ambayo moyo unaweza kwenda mbio baada ya dawa kuachwa, nayo haihusiani na serotonini hata kidogo. Mara nyingi haionekani, na kwa mtu aliyekwisha kuwa na presha ndiyo ninayoiogopa zaidi. Fluoksetini na paroksetini huzuia kwa nguvu kimeng'enya kimoja cha ini ambacho ndicho kinachovunja dawa za moyo kama metoprololi. Mgonjwa anayetumia zote mbili huwa na metoprololi nyingi katika damu kuliko dozi yake inavyoonyesha. Daktari anapima, anaona mapigo na presha vimetulia, anaridhika na dozi. Siku dawa ya sonona ikiondolewa, ini hurudia kazi yake, metoprololi huvunjwa upesi, kiasi chake katika damu huporomoka, na moyo huachiliwa. Mgonjwa ataapa kwamba hajakosa kidonge cha presha hata siku moja, na atakuwa mkweli. Kwa mgonjwa wa namna hiyo haitoshi kungojea dalili ziishe. Dozi ya dawa ya moyo inapaswa kuangaliwa upya.

Tukubaliane pia juu ya ukubwa wa tatizo, ili hofu isizidi kiasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry ulikuta kwamba karibu asilimia 31 ya walioacha dawa za sonona walipata dalili fulani, lakini hata kati ya walioacha vidonge vya bandia asilimia 17 walizipata. Dalili kali zilimpata takriban mtu 1 kati ya 35. Nyingi ya tafiti hizo zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, na wanaotumia kwa miaka wanaweza kuwa na safari ngumu zaidi. Ongezeko la mapigo na presha kwa kawaida si kubwa. Kwa kijana mwenye afya ni kero. Kwa mwenye umri mkubwa, mwenye kisukari, au ambaye tayari yuko kwenye 150, hata ongezeko dogo lina uzito.

Hatua ya kwanza basi ni kupima sawasawa, maana presha nyingi zinazoandikwa ni za haraka na kelele za chumba cha mapokezi. Mtu akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, awe amekwisha kwenda haja ndogo, asizungumze. Nusu saa kabla kusiwe na kahawa wala sigara. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli, na kosa hilo ni la kila siku. Kisha, kwa mtu aliyeacha dawa ya sonona, ningependa apimwe tena akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, presha na mapigo pamoja. Mabadiliko haya mara nyingi hujitokeza mtu akisimama, kama Michelson alivyoona, na kipimo cha kukaa peke yake kinaweza kuyakosa.

Hatua ya pili ni kutofautisha. Sonona au wasiwasi ukirudi, kwa kawaida huja taratibu, baada ya wiki au miezi, na huja na sura ileile ambayo mgonjwa aliijua mwanzo. Dalili za kuachishwa dawa huja ndani ya siku chache, na huja na vitu ambavyo mgonjwa hakuwahi kuwa navyo: mshtuko mfupi kama wa umeme kichwani, hasa macho yanapogeuka upande, kizunguzungu cha kuyumba, kichefuchefu, mafua yasiyo mafua, jinamizi. Dozi ikirudishwa, nyingi hupoa ndani ya siku chache, jambo ambalo sonona haifanyi kwa haraka hivyo. Moyo kwenda mbio pamoja na mshtuko wa kichwani, siku ya nne baada ya kuacha paroksetini, hiyo ni habari inayojieleza.

Lakini sitaki mtu asome sura hii akapuuza ugonjwa mwingine. Tezi ya shingo iliyozidi kasi, upungufu wa damu, homa, pombe iliyoachwa ghafla baada ya miaka, diazepamu iliyokatwa, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, mirungi, diklofenaki inayomezwa kila siku kwa ajili ya goti: vyote hivyo vinaweza kuleta mapigo ya haraka au presha ya juu, na baadhi yake humkuta mtu yuleyule aliyeacha dawa ya sonona. Na presha ikivuka 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kichwa kuuma vikali, macho kufifia, ulegevu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, hapo hakuna mjadala wa sababu. Ni hospitali, saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayezimia, anayesikia moyo unaruka bila mpangilio, au anayepata mawazo ya kujiua.

Tuseme sasa imethibitika kwamba ni dawa iliyoachwa. Kosa linalonipa wasiwasi zaidi ni la mtu kufidia mwenyewe: kumeza vidonge vitatu kwa mpigo ili arudishe alivyokosa. Kwa amitriptilini hilo ni hatari ya kweli, kwani ikizidi huharibu mpigo wa moyo wenyewe, na inaua. (Kwa sababu hiyohiyo vidonge vilivyobaki visiachwe mahali mtoto anapofika.) Kinachofaa ni kurudi kwa aliyeandika dawa. Kama dalili ni ndogo, kungoja kwa siku na wiki huku presha ikipimwa kunaweza kutosha. Kama ni kubwa, mara nyingi hurudishwa kwenye dozi ya mwisho iliyokuwa ikimfaa, kisha hushushwa upya kwa utaratibu.

Utaratibu huo una hesabu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imefanywa vibaya. Madaktari walikuwa wakikata dozi nusu, halafu nusu ya nusu, halafu basi, kwa wiki mbili au nne. Mwaka 2019, Mark Horowitz na David Taylor walionyesha kwa nini hilo huwashinda wengi, wakitumia picha za ubongo za watu waliomeza dawa kwa viwango mbalimbali. Chukua sitalopramu. Milligramu 20 huziba takriban asilimia 80 ya ile milango ya serotonini. Ukishuka hadi 10, bado asilimia 70 hivi imezibwa. Ukishuka hadi 5, karibu asilimia 60. Yaani mtu amepunguza robo tatu ya kidonge chake na ubongo umepoteza sehemu ndogo tu. Kisha anatoka 5 hadi sifuri, hatua inayoonekana ndogo kuliko zote, na hapo ndipo anapoangusha asilimia 60 kwa usiku mmoja. Wengi waliosema walishuka vizuri hadi kidonge kidogo kabisa, wakaumwa walipokiacha hicho, walikuwa wakieleza kitu hiki hasa. Mwongozo wa Uingereza ulibadilishwa Oktoba 2019, ukaacha kusema kwamba dalili ni ndogo na huisha ndani ya wiki moja hivi, ukakubali kwamba kwa baadhi ya watu ni kali na ndefu.

Kwa hiyo hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo zaidi na ndefu zaidi. Aliyetumia dawa kwa miaka anaweza kuhitaji miezi. Hapa kwetu jambo hilo lina ugumu wake, maana vidonge huja kwa ukubwa mmoja au miwili na dawa ya maji ni adimu. Kidonge cha kawaida kinaweza kukatwa kwa kisu maalumu cha vidonge, na mfamasia mzuri anaweza kusaidia zaidi ya hapo. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi. Kumeza siku moja na kuacha siku moja kunafaa kwa fluoksetini inayokaa mwilini, si kwa paroksetini wala venlafaksini, kwa sababu huko ni kumwachisha na kumrudisha mtu kila baada ya saa 48. Mara nyingine daktari humhamishia mgonjwa kwenye fluoksetini kwanza, kisha humshusha kutoka hapo.

Na swali la kama dawa iachwe kabisa lina haki ya kuulizwa kabla ya lile la jinsi ya kuiacha. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 lilifuatilia watu 478 waliotumia dawa za sonona kwa muda mrefu na waliojisikia tayari kuziacha. Ndani ya wiki 52, sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioacha, na asilimia 39 ya walioendelea. Namba hizo mbili zinawahusu watu wa pande zote. Wako wengi wanaoweza kuacha salama, na wako ambao kuendelea ndiko kunakowaweka kazini, kwenye ndoa na hai. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo mawili.

Wakati wa kushuka, presha na mapigo vipimwe kabla ya kila hatua na tena siku ya tatu hadi ya saba baada yake, na viandikwe kwenye daftari la kliniki pamoja na jina la dawa, dozi na tarehe. Namba ikipanda kidogo na kushuka yenyewe kabla ya hatua inayofuata, safari inaendelea. Ikipanda na kubaki, hatua inasimamishwa. Na ikiwa wiki kadhaa baada ya dalili nyingine zote kuisha mtu bado anasoma 140 kwa 90 au zaidi, katika siku tofauti, akiwa ametulia, basi hiyo ni presha yake, aliyokuwa nayo au iliyokuwa njiani, na itibiwe kama presha ya mtu mwingine yeyote.

Kwa yule aliyekwisha kuanzishiwa dawa za presha katika zile siku za vurugu, zikaguliwe upya na daktari vipimo vikitulia. Asizitupe mwenyewe. Kama alipewa propranololi ya kutuliza mapigo, aulizwe kwanza kama ana pumu, maana dawa hiyo haimfai mwenye pumu. Na yenyewe pamoja na metoprololi na klonidini hazikatwi kwa siku moja. Hushushwa kwa hatua vilevile, kwa sababu presha na mapigo vilivyozuiwa nazo hurudi juu kwa kishindo vikiachiwa ghafla.